Shavu la Kushoto

Mimi Bwanaheri, kinyozi wa Langoni,
miaka ishirini na tisa nashika nyuso za watu.
Nazijua kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani.
Uso wangu mwenyewe siwezi kuushika.

Nitazame. Kulia nimenyoa, naweza kwenda harusini.
Kushoto ndevu zimeota kama magugu
ya kiwanja chenye kesi.
Watoto wa chuoni waniita Nusu-Nusu.
Wacha waite.

Ilianza kwa tonge la wali.
Nikatafuna, umeme ukapita
kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo,
sekunde nne, tano,
kisha kimya, kana kwamba hakuna aliyepiga.
Tonge likabaki kinywani. Niliogopa kulimeza.

Wakasema jino. Nikang'olewa gego.
Wakasema si hilo, la jirani yake. Likatoka la jirani.
La tatu nalo likaenda bure, zima kama chumvi ya jiwe;
ninalo kwenye kijaluba cha marehemu mama.
Nikanywa kombe la zafarani.
Nikapakwa habasoda na watu wanipendao,
wasijue kidole cha upendo huchoma vilevile.

Pangaboi nimelizima. Wateja watoka jasho, wanung'unika.
Kutia udhu ni vita: upande mmoja nauosha,
wa pili naujongelea kama mtu
anayemkaribia paka aliyezaa.
Mjukuu wangu Mwanakheri amefundishwa kubusu hewa,
mbali kidogo na babu.

Mombasa wakanilaza ndani ya bomba
linalogonga kama mafundi wa mabati.
Daktari, binti mdogo wa Kigiriama, Kadzo jina lake,
akainua picha kwenye mwanga:
"Mshipa umekaa juu ya mshipa, mzee."
Upi juu ya upi?
Akasita. Kiswahili kilimwangusha, nami kikaniangusha:
upitishao damu, mshipa; upitishao maumivu, mshipa;
hata ule wa chini, wa wazee, usiotajwa mbele za watu,
huo nao mshipa.
"Ni fundo la damu," akasema. "Umezaliwa nalo.
Limekungoja miaka hamsini na sita."

Nikamweleza, ili ajue nimeelewa:
nyuma ya duka langu kuna kichochoro
hakipishani punda wawili.
Mwenye shehena ya mchanga akijongea,
asiye na kitu husagwa ukutani.
"Ndivyo," akasema. "Na huyo wa mchanga
hupita kila moyo unapopiga."

Basi nimekaa na hesabu hiyo.
Mapigo sabini kwa dakika.
Ewe moyo, nikuombe nini? Upunguze?

Kuna upasuaji, nyuma ya sikio, Nairobi.
Kuna miale. Kuna "tungoje kwanza."
Kuna vidonge vyeupe, viwili asubuhi, viwili usiku,
vinatuliza umeme, vinaondoka na majina:
jana nilimwita Shee Lali
kwa jina la nduguye aliyekufa.
Akanyamaza. Akaniacha ninyoe.

Leo ameletwa kijana, ndevu zake za kwanza,
anaoa Ijumaa, anatetemeka.
Nikamshika shavu la kushoto
taratibu kuliko ilivyohitajika.
"Panauma?"
"Hapana," akacheka.
Mkono wangu ukabaki pale kidogo zaidi,
nikisikiliza chini ya ngozi
mshipa wake ukipiga,
haumgusi mtu.