Vipanya Viwili

Cha kwanza nilikinunua Kibuye, Jumapili,
kwa mama anayeuza miwani, chaja na soli za viatu
juu ya turubai moja.
Aliiuma betri kwa jino, akairudisha tumboni mwake, akasema,
"Hii bado ina wiki mbili."
Kidogo, cha kijivu, chepesi kama yai la kwale.

Hakina waya. Hulala ndani ya soksi
mkobani, kati ya risiti na njugu.
Nimekitembeza Luanda, Yala, Butere,
kwenye meza za vyama vya akiba
zenye vitambaa vya plastiki vya maua
ambapo vipanya vingine huteleza kama mlevi topeni.
Chenyewe huomba jalada la daftari tu;
pasipo jalada, paja langu.
Ni hicho kilichonionyesha, kule Khwisero,
mkopo uliojificha chini ya jina la marehemu.
Kosa lake ni usingizi.
Nikinyamaza kidogo nitafakari hesabu,
nacho kinasinzia,
sharti nikitikise kama mtoto asiyetaka shule.

Cha pili si changu.
Ni cha Otuoma, mwanangu,
aliyejinyima chipsi muhula mzima akakipata.
Kizito. Mkia wake wa uzi uliosukwa
ni mrefu kuliko subira yangu.
Vitufe saba (nimevihesabu, ndiyo kazi yangu)
na tumbo linalowaka nyekundu, buluu, zambarau,
kama harusi isiyojua kulala.
Anakitandikia mkeka wa raba, mweusi,
yeye ambaye kitanda chake hakitandiki.

"Vitufe saba vya nini?"
"Mama, hiki hakisubiri. Ukiwaza tu, kimefika."
Nikamwambia, hicho ni cha kukaa, si cha kwenda.
Akanijibu, chako ni cha kwenda, ila hakifiki.
Tukacheka. Hatukukubaliana.

Alhamisi stima ikapotea Manyatta yote.
Nilipapasa gizani, nikatia mkobani,
alfajiri nikaondoka.
Siaya, mbele ya mwenyekiti na mweka hazina,
nafungua mkoba: mkia ukaporomoka,
kikawaka zambarau juu ya leja.
Mwenyekiti akakohoa.
"Mkaguzi, hii ndiyo mashine ya kushika wezi?"
Nikasema ndiyo.
Haki ya Mungu, mweka hazina alisogeza kiti nyuma.

Nikikigusa, mshale unaruka safu tatu,
kutoka madeni hadi gharama za mazishi.
Nikajifunza kupumua kwanza, ndipo nisogeze.
Na pale kwenye kitufe cha kushoto
kidole changu kikatumbukia kishimoni,
raba ilikolika
kwa umbo la kidole cha Otuoma,
kipana kuliko changu.
Kilikua lini?
Mwenyekiti aliniuliza kitu. Sikumsikia.

Jioni nilimkuta jikoni, ugali umepoa, hajaugusa.
Walikuwa wamecheza Kondele, timu tano,
zawadi elfu mbili na fulana.
"Kilisinzia, Mama.
Nilijificha nyuma ya ukuta, nikatulia, nikangoja,
si wewe husema ningoje?
Kilipoamka, nilikuwa nimeshakufa."
Nikaomba radhi. Nilicheka pia, sitaficha.

Akakigeuza kile cha kijivu mkononi.
"Maandishi ya chini yote yamefutika.
Umekisugua wapi hivi?"
Nikamtajia: Luanda, Yala, Butere, Khwisero.
Akanyamaza.
"Na karo yangu?"
"Huko huko."
Akavuta sahani, akala.

Jumatatu, nilipofika Butere,
hakikusinzia hata mara moja.
Nikakifungua tumbo: betri mpya, ya bei.
Hakuniambia, nami sijamuuliza.
Lakini anamjua mama yake:
risiti aliikunja mara nne,
akaiweka ndani ya soksi.