Matundu Manne

Jumamosi, umande ukali kwenye lami ya Tallow Creek,
nafungua sanduku la mbao lenye kufuli mbili.
Ndani yamelala mabamba arobaini na mawili,
mepesi, ya kung'aa, kila moja na matundu manne
ambayo kidole gumba changu hakipiti.

Ndiyo kazi yangu hapa Alabama: kugawa matundu.

Mafundi wanapanga foleni. Wanachomoa namba kofiani
ili asije mtu akasema nimempendelea.
Verlon Stikeleather analipokea bamba lake kwa ncha za vidole viwili,
kama aliyepewa panya mfu amshike mkia.

"Miezi minne, Odessa," ananiambia,
"miezi minne nimekesha na injini hii.
Nimezisugua njia zake za hewa kwa msasa
hadi inzi angetua angeteleza.
Nimemtafutia farasi mmoja mmoja, mpaka mia saba na hamsini,
nawe waja na kipande cha bati
kuniambia mia tatu wabaki zizini."

Simjibu. Natoa kipimo mfukoni, nakipitisha:
moja, mbili, tatu, nne.
Kinaingia kwa kukwaruza kidogo.
Sawa. Natia sahihi. Anayefuata.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
jukwaa la mashariki, safu ya tano,
karanga za kuchemsha zikinivujia maji ya chumvi mapajani.
Gari la buluu lilipasuka tairi la nyuma, likageuka kisogo mbele,
na lile chuma la tani moja na nusu
likakumbuka jambo ambalo gari halipaswi kulijua:
kuruka.
Uzio ulitoa mlio wa mtu anayechana jora zima la kitambaa.
Ulishika. Karibu wote tulirudi nyumbani wazima.
Mama mdogo Coralee aliacha pale vidole viwili
na hamu yote ya kelele;
hata blenda ya jikoni aliigawa kwa jirani.

Baadaye watu wa hesabu walikaa, wakanena:
inyimeni injini hewa ya kooni,
gari lisije likapata hewa ya tumboni.
Basi kati ya kabureta na injini
wakaweka hiki kijibamba, mkono juu ya mdomo.

Mwenda pole hajikwai, wasema.
Waje hapa Jumapili.
Nguvu zikishalinganishwa hakuna wa kumkimbia mwenziwe:
magari thelathini na kitu, bega kwa bega, pua kwa mkia,
msongamano wa watu wenye haraka moja.
Tamsin Purcell, dereva wa Verlon, aliwahi kuniambia:
"Mguu umeshafika sakafuni, Odessa. Roho bado inashuka."
Mwaka jana, mzunguko wa mia moja sabini na moja,
bampa moja ilibusu nyingine
na ishirini na tatu wakazunguka kama pia ndani ya moshi.
Nilisimama kwenye ukuta nikihesabu kofia za chuma
zikitoka madirishani. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.
Nilingoja ile ya mwisho kwa muda ambao sijui niupime kwa nini.
Ilitoka. Inatukana.
Hakuna aliyeruka.

Je, ndicho tulichokitaka?
Siku nyingine nasema ndiyo kabla ya kuvua viatu.
Siku nyingine nakaa garini, injini imezimwa,
nasikiliza ikipoa, tik, tik.

Jioni Verlon analirudisha bamba, bado lina moto,
linanukia petroli. Wamemaliza wa sita.
Analiinua, ananichungulia kupitia tundu moja;
naona jicho tu, jekundu kwa kukesha, linacheka.

"Nimepata farasi wanne."
"Wapi?"
"Iulize hewa."

Natoa kipimo. Binadamu ni binadamu.
Moja, mbili, tatu, nne: kinakwaruza vilevile.
Naandika: sawa.
Wale farasi wanne sikuwaandika popote.