Karani wa Mizani

Mchana napima kahawa, ghala la nyuma ya stesheni ya Moshi.
Gunia juu, kalamu sikioni,
na kabla sijaandika natoa uzito wa gunia lenyewe,
kilo moja kasoro.
Miaka ishirini na mbili: mkono unajua kabla ya mshale.

Jioni napima miguu.
Kilomita kumi, Shanti Tauni hadi Rau na kurudi,
kwa viatu vya mtumba vya Memorial,
dakika hamsini na nane.
Gawanya kwa kumi: tano nukta nane.

Hapo ndipo Anaeli, kijana wa bohari, alipopotea.
Kikokotoo kilimwambia tano nukta nane,
yeye akasoma dakika tano na sekunde nane,
akaondoka nayo
kama mtu aliyepewa chenji ya mwenzake.
Mwanangu, nikamwambia, sitini si mia.
Dakika haina gramu.
Nane ya kumi ya sitini ni arobaini na nane.
Tano na arobaini na nane. Andika.
Hakuandika.

Nusu marathoni ni ishirini na moja na kipande,
kipande ambacho wengi hukisahau darasani
kikawakumbuka barabarani.
Nikazidisha: saa mbili, dakika mbili na ushei.
Safi.
Lakini hiyo ni hesabu ya mtu asiyechoka,
na mtu huyo hajawahi kuleta kahawa kwangu.
Kwenye mizani gunia hutolewa;
kwenye mbio gunia huongezwa.
Nikaongeza dakika sita, nikapiga mstari.

Saa mbili na dakika nane, nikamwambia Ndelilio.
Asubuhi? akauliza mume wangu.
Si saa ya ukutani, ni saa ya miguu!
Tunaanza saa kumi na mbili na nusu,
kwa hiyo saa mbili zangu zinaisha saa mbili na nusu yako,
weka na hizo nane,
weka na kuvua viatu,
chai iwe mezani saa tatu na robo.
Akaandika kiganjani.

Siku yenyewe, kupanda kuelekea Mweka,
migomba huku, migomba huku,
nilijipa dakika sita na nusu kwa kilomita, wala sikuona haya.
Anaeli alikuwa amenipita zamani, mgongo umenyooka kama risiti mpya.
Kilomita ya kumi na tatu nikamkuta
amekalia kreti ya maji, kiatu kimoja mkononi.
Tano na nane, akasema, bila kuinua uso.
Na arobaini, nikamjibu, nikipita.

Kwenye mteremko nikaangukia ubavuni mwa mama mmoja wa Machame,
kifua kipana, pumzi ndefu.
Akaniuliza nafanya kazi wapi.
Kumbe ana miche mia tatu, na ana neno na watu wa mizani!
Tukabishana bei, tukabishana unyevu,
tukabishana nani anaiba, mkulima au mshale,
na nilipokumbuka kutazama saa
vibao viwili vilikuwa vimeshapita.

Mstarini: saa mbili, dakika sita, sekunde arobaini na moja.

Wenzangu wakapiga vigelegele.
Mimi nikaanza kutafuta kosa.
Maana ghalani mkaguzi hashtuki kwa pungufu peke yake;
ziada ndiyo humvua miwani.
Hii ya nani? huuliza. Imetoka gunia lipi?
Dakika moja na sekunde kumi na tisa,
na sina mkulima wa kumrudishia.

Jumatatu nikafungua daftari.
Makadirio, nikajaza. Halisi, nikajaza.
Kwenye safu ya maelezo kalamu ilikaa sana hewani,
kisha nikaandika:
kilomita ya kumi na sita hadi ya kumi na nane
hazikupimwa.
Nikatia sahihi.
Muhuri sikupiga.