Noti Zilizopigwa Pasi

Jioni ile shangazi Ghaniya alipiga pasi pesa.
Nilimkuta jikoni, nyumbani kwetu Mawaleh,
noti thelathini za baisa mia
alizozichenji kwa Bashiri, Mmalabari wa dukani,
akizilaza moja moja juu ya taulo,
moto mdogo, taratibu,
kama anayenyoosha kola ya bwana harusi.
"Pesa yenye makunyanzi haimtunzi mtu," akasema.
"Inamtukana."

Mimi mzaliwa wa Maskati. Kiswahili changu
nimekiokota chini ya meza za chai, kina mashimo.
Taarabu kwangu ilikuwa kaseti iliyokatika
ndani ya droo ya marehemu baba, pamoja na betri mbovu.
Nilinunua tiketi mbili kwa simu, riyali kumi na nane,
nikamwambia tatu.

Ukumbi wa Qurum: marumaru, baridi ya kwenye mifupa,
vijana wa dishidasha nyeupe, tochi ndogo viganjani.
Watu wamekaa
kama wanaosubiri kuitwa na daktari wa meno.
Shangazi akaniinamia:
"Kafiwa nani humu?"

Ganuni ikaanza, mchele unamiminwa kwenye sinia,
kisha fidla sita, kisha yule mwimbaji, mgeni kutoka Unguja,
mwanamke mnene asiye na haraka.
Beti ya kwanza ikapita. Ya pili.
Ya tatu ikaja na mstari huu:

*Ufunguo umenipa, mlango hukuniachia.*

Shangazi akasimama.
Goti lake la kulia, lile linalonituma duka la dawa
kila wiki, likasahau kuuma.
Akatoka kwenye ujia, noti juu, baina ya vidole viwili,
hatua mbele, nusu hatua nyuma,
mabega yakisema jambo ambalo mdomo wake
haujapata kulisema mbele yangu.
Asumini zikamtangulia.
Wala hakumtazama mwimbaji. Alitazama pembeni,
juu kidogo, kwa mtu
ambaye hatukumkatia tiketi.

Tochi ikaja mbio bila kukimbia.
Kijana, ndevu ndio kwanza zinaota,
akamwomba kwa Kiarabu cha adabu arudi kitini.
Akamjibu kwa Kiswahili:
"Baba, mimi nimeitwa kwa jina."

Kijana hakuelewa. Alibaki pale,
tochi ikimulika viatu vya shangazi,
viatu vya harusi ya binamu yangu, vimebana.
Na kule jukwaani mwimbaji akaiona ile noti,
akaurudia mstari, mara moja tu, bila kupangwa,
fidla zikayumba kumfuata.
Ghorofani mwanamke akapiga kigelegele,
akakimeza katikati.

Basi. Akarudi, akakaa,
akaichomeka noti kwenye ufa wa kiti, kwa kidole,
mpaka ikazama.
"Nishatunza."
"Umemtunza nani, shangazi?"
"Kiti."

Garini nikasubiri mpaka taa nyekundu.
"Ule ufunguo, nani alikupa?"
Akafunga mkanda ambao tayari ameufunga.
"Washa eisii," akasema.
Ilikuwa Januari.
Nikawasha.

Noti ishirini na tisa zilibaki.
Tunanunulia mkate, moja moja,
na Bashiri, kabla ya kuitia kwenye droo,
huinusa, hutikisa kichwa,
haulizi.