Kiima

Darasa la sita, Kasese, mvua juu ya bati.
Naandika ubaoni sentensi ya Kiingereza
isemayo daraja lilibebwa usiku.
"Pigieni kiima mstari."

Kwetu kiima hujibanza kwenye kitenzi,
silabi moja tu, kama mtoto
aliyeshika upindo wa gauni la mamaye.
Kwa Kiingereza husimama mbele, peke yake, kifua wazi.
Ndivyo nilivyowafundisha.

Ithungu hakupigia neno lolote mstari.
Pembeni, kwa penseli: Nyamwamba.

Mto haumo kwenye sentensi, namwambia.
"Ndiyo maana, mwalimu. Umekimbia."

Wanacheka. Yeye hacheki.
Jibu ni daraja; najua, na mtihani unajua,
lakini kalamu nyekundu imenigomea mkononi:
ng'ambo ile mamake alikuwa na kibanda
cha sabuni na chumvi.

"Haya, tuseme inanyesha," naharakisha.
Kwa Kiingereza kiima chake
ni kijineno cha herufi mbili.
"Ni nani huyo?" anauliza Ithungu.

Natazama bati.
Si mtu, namwambia. Huwekwa tu pale,
pasikose wa kulaumiwa.