Daftari la Dresa Ndahani

Jalada limeliwa na mchwa, kona mbili.
Ndani, mwandiko wa baba, wino uliopauka:
Kongwa, wodi ya Wazungu, mwaka arobaini na nane.
Homa. Homa. Kuhara damu. Nyuki.
Ndiyo, nyuki. Trekta liliangusha mti,
wenye mti wakashuka.

Walikuja na kaptula zilizobaki vitani,
wakaitazama nyika ya Ugogo kama meza tupu
inayongoja sahani.
Karanga, walisema. Ekari kwa maelfu, karanga.
Udongo ukawasikiliza hadi mwisho.
Kiangazi kilipokaza ukajifunga kama tofali,
ukang'oa meno ya majembe, moja moja.

Maji yaliletwa kwa lori.
Baba aliyagawa kwa kikombe cha bati:
hiki cha mgonjwa,
hiki cha kuchemshia sindano,
hiki, akitazama pembeni, cha kwenda nacho nyumbani.

Kitanda cha nne. Hadlow, fundi mitambo, miaka ishirini na miwili.
Oktoba, hata mbuzi wanahema kivulini,
naye anatetemeka chini ya blanketi tatu.
Mvua inakuja lini, dresa?
Desemba, ikipenda.
Na isipopenda?
Baba alikamua kitambaa, akamwekea kwenye paji la uso.
Kigogo kina jibu la swali hilo, alituambia baadaye,
ila si jibu la kumpa mwenye homa.

Jumanne, saa kumi alfajiri.
Mali za marehemu: saa moja ya mkononi, picha ya mbwa,
sardini, makopo sita.
Hapo sita imekatwa, imeandikwa nne.

Mbili tulizila sisi.
Mama alisonga ugali wa uwele,
mafuta yakatutiririka hadi viwikoni,
tukacheka, kisha mama akasema tunyamaze.

Nimepekua kurasa zote nikimtafuta dada yangu Mbeleje.
Homa ileile. Juma lilelile.
Lakini wodi yetu haikuwa na daftari,
ilikuwa na mkeka na foleni.
Nimemkuta ndani ya jalada la nyuma, kwa penseli,
chini ya hesabu ya sukari na mafuta ya taa:
M. Miaka mitatu. Kikombe kimoja.

Sijui kama kikombe hicho kilimfikia
au kiliishia kitanda cha nne.
Baba aliishi miaka thelathini zaidi
na sikumuuliza.

Mitaro ya matrekta bado ipo.
Ng'ombe wa Lechipya hunywa humo,
mwaka mvua inapopenda.