Kisanduku Kisicho na Jina

Friesland, chumba cha pampu.
Wietske anaandika ubaoni:
mfereji ni kitu, lango ni kitu,
mvua ni tukio.
Kishale hiki: "husababisha".
Kile: "ni sehemu ya".
Na maji? Anasita, chaki mkononi.
Kitu, au hali, au safari?

Lugha yangu ingemwambia: maji hayana umoja,
hata yakiwa kikombeni
ni haya, si hili.

Miezi minane. Visanduku mia nne na kumi.
Tuta limo, upepo umo,
hata uchovu wa Gerlof, mlinzi wa zamu ya usiku,
umepewa kisanduku na jina.
Mashine ikaulizwa: tuta litakatika lini?
Ikajibu: halikatiki.

Jumanne alfajiri likakatika.

Gerlof alirudi na matope hadi magotini,
akalaza mezani, juu ya karatasi zetu,
panya-maji mfu, manyoya chepechepe,
meno rangi ya chungwa.
"Huyu mnamweka wapi?"

Wietske alifuta kona ya ubao kwa kiwiko,
akachora kisanduku, upande mmoja wazi,
hakukipa jina.
Akavaa mabuti,
akaenda kuliona shimo.